Vitanda Elfu Tatu

Kila Ijumaa, saa kumi za alasiri, wanawake kama ishirini na wanaume watatu walikusanyika nyuma ya gereza la mjini, katika uwanja wa gereji uliojaa magari yasiyo na matairi, wakaanza kupiga kelele. Mpita njia asiyejua angedhani watu wanagombana. Wapi! Walikuwa wanazungumza na watu wao.

Ukuta wa gereza lile ulikuwa mrefu, lakini sauti haihitaji ngazi. Upande wa pili palikuwa na uwanja ambako wafungwa na mahabusu walitolewa kula kabla ya kufungiwa, na saa kumi walikuwa wote hapo, sahani za bati mikononi. Huku nje Mama Spika alipanda boneti ya lori bovu. Mwanamke huyu alikuwa mnadi wa mitumba sokoni kwa miaka kumi na tisa, mwanawe wa tatu alikuwa humo ndani, na kwa koo alilojaliwa hakuhitaji kipaza sauti. Jina lake lilitokea hapo. Aliita mtu, akatupa ujumbe, akasubiri. Pigo moja la sahani maana yake nimesikia. Mapigo mawili, rudia. Askari wa zamu walikwisha kuchoka kuwafukuza. "Redio yao imeanza," walisema, wakaendelea na soga zao.

"Kinyozi! Mkeo kajifungua mtoto wa kike! Kafanana na wewe, pole yake!"

Pa! Na kicheko cha watu mia tisa kikavuka ukuta.

"Seremala! Dada yako anasema usikubali!"

Pa!

Ujumbe huo wa pili ulikuwa wa Fundi, na ulikuwa ule ule kila Ijumaa. Fundi alikuwa mshona nguo, mwenye cherehani mbili na chumba kimoja mkabala na kituo cha mabasi. Seremala alikuwa mdogo wake, aliyemfuata ziwa. Miaka sita nyuma kijana huyo alipachika mlango na kitasa kwenye ghala la tajiri mmoja wa jumla, akashukuriwa, akaenda zake. Wiki mbili baadaye ghala likasombwa lote na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Nani anayekijua kile kitasa? Seremala. Basi wakamchukua, na tangu siku hiyo kesi yake iliitwa kila baada ya siku kumi na nne, na kila ilipoitwa mwendesha mashtaka alisimama, akainama kidogo kwa heshima, akasema upelelezi haujakamilika. Miaka sita! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa sasa anasoma darasani, upelelezi wenyewe bado unatambaa.

Njia ya mkato ilikuwepo. Mara tatu aliambiwa akubali kosa dogo zaidi, afungwe, yaishe. Wenzake wengi walikubali, wakiwemo ambao hawajawahi kuiba hata kijiko. Ukiwa nje huwezi kuelewa. Ndani mle mfungwa ni tajiri kuliko mahabusu, kwa sababu mfungwa ana siku ya kutoka, na mahabusu ana njoo tena. Seremala naye aliyumba. Siku moja ya kutembelewa alimwambia dada yake, "Dada, mimi nataka tarehe tu. Hata ikiwa mbali." Fundi akamkemea mpaka askari akageuka kutazama. Usithubutu. Ukisema ni kweli, itakuwa kweli mpaka kaburini, na mama ataitwa mama wa mwizi. Tena hukuiba, jamani! Hiyo nayo si sababu? Kijana akainamisha kichwa, akasema sawa dada. Na kwa kuwa Fundi alimjua mdogo wake, kwamba sawa yake huisha nguvu kama chai ya jana, akawa anaiongezea moto kila Ijumaa kwa koo la Mama Spika.

Kikundi chenyewe hakikuwa na jina la maana. Watu waliwaita Wale wa Ukutani, nao wakalikubali. Waliandika barua kwa wasioandikiwa, wakapeleka sabuni kwa wasio na ndugu, wakawapokea waliotoka na kuwatafutia pa kulala. Na walitaka gereza life. Fikra hiyo ililetwa na Mwalimu. Mwalimu alikuwa amefungwa miaka minne kwa kosa ambalo hakulikana wala hakulizungumza, akatoka na imani moja tu: kwamba hajaona mtu aliyetengenezwa na kufuli. Watu walimkalia kooni. Je, mwizi aliyekuibia wewe, asifungwe? "Alifungwa," alijibu. "Redio yangu imerudi?"

Miaka mitatu kabla ya mambo haya walikaa dukani kwa Fundi kuandika ombi la kumpelekea Waziri. Walikaa juu ya majora ya vitambaa, miguu imebanana, Mwalimu akisoma na Fundi akiandika kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwalimu akasoma: "Tunataka gereza hili lifungwe, watu warudi makwao wakajibu mashtaka wakiwa nyumbani, wala pasijengwe jingine."

Fundi akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, barua hii tunampelekea Waziri au tunampelekea Mungu?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo.

"Nauliza kwa wema," Fundi akasema. "Wakifika hapo kwenye 'watu warudi makwao' wataikunja. Tuseme hali ilivyo. Maji yanatiririka ukutani, ndoo moja watu sitini, watu wanalala kwa zamu. Hilo hakuna wa kulipinga. Bandu bandu huisha gogo."

"Gogo likikatwa, dada. Hili lina mizizi. Ukilibandua linachipua."

"Kwa hiyo tukae tusubiri mizizi?"

"Sijasema hivyo. Nasema tukiomba pazuri pa kuwafungia, tutapewa pazuri pa kuwafungia."

Mama Spika akasema mwanawe ana vidonda vya ukurutu mgongo mzima na yeye hana muda wa mizizi. Wakapiga kura kwa mikono. Mikono kumi na tisa kwa Fundi, minne kwa Mwalimu. Fundi akachukua rula ya kukatia nguo, akapiga mstari mnyoofu juu ya maneno yale, na sentensi ikabaki hivi: tunataka gereza hili lifungwe, kwa kuwa halifai binadamu kulala. Mwalimu akatia sahihi kama wengine. Hakununa. Afadhali angenuna.

Wakazunguka na karatasi zile sokoni, kwenye foleni za hospitali, milangoni mwa nyumba za ibada. Walifukuzwa, walitemewa mate, mama mmoja aliwaambia wanatetea mashetani. Hawakuacha. Kipindi hicho hicho Fundi alikuwa na safari yake nyingine ya peke yake. Kila mwezi alikwenda kumwamkia mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa lile ghala, sasa amestaafu na miguu inamuuma, akimshonea hiki na kile, akimwuliza swali lile lile, na mzee akijibu hakuona kitu.

Halafu mchana mmoja redio ikasema. Waziri mwenyewe, kwa sauti yake, alisema serikali ni sikivu. Alisema amesoma ombi la akina mama na kwamba ni kweli, gereza lile halifai binadamu kulala, na litafungwa. Jipya limekwisha kujengwa, la kisasa, lenye vitanda elfu tatu.

Dukani kwa Fundi vigelegele vilitoka hadi abiria wa kituoni wakaja kuuliza nani anaolewa. Mama Spika alimbeba Fundi juu juu kama mtoto. Fundi alilia, akacheka, akalia tena. Alijiona mtu siku ile, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na msimcheke. Ni nani kati yenu aliyewahi kuandika barua ikafunga gereza?

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, bega ameliegemeza kwenye mwimo.

"Elfu tatu," akasema. "Wetu ni mia tisa. Hivyo vingine wametandikiwa akina nani?"

Vigelegele vikamfunika. Furaha ikishapanda kichwani, masikio huziba. Baadaye ndipo wakaambiwa lilipo: safari ya siku nzima na nusu ya pili, kule ambako hata kesi hazitahitaji watu kuletwa mjini, zitasikilizwa kwa skrini.

Jumatano iliyofuata, kabla ya mtu yeyote kuhamishwa, yule mzee mlinzi alimwita Fundi nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Binti, mpwa wa tajiri alifungua kwa funguo zake. Akaniambia nenda kanywe chai. Nikaenda nikanywa," akasema. "Nilikuwa na watoto wanasoma. Sasa wamemaliza. Nipeleke mahakamani nikaseme."

Fundi alipiga magoti pale pale sakafuni. Hakujua kama amshukuru au amzabe kofi, na yote mawili alikuwa na haki nayo. Kesi ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: Seremala ajue, ashikilie siku hizo kumi na mbili. Akapanga ujumbe wa Ijumaa, mfupi, usioweza kukosewa: mlinzi amekubali kusema.

Ijumaa walifika gereji saa kumi kamili. Mama Spika akapanda boneti, akaita. Kimya. Akaita tena. Hakukuwa na sahani, hakukuwa na kikohozi, kunguru tu juu ya ukuta. Wakazunguka mbio hadi lango kuu, wakalikuta wazi, na askari mmoja anafagia karatasi.

"Wamehamishwa jana alfajiri," akasema. "Wote."

"Bila kutuambia?" Fundi akauliza.

Askari akaacha kufagia, akamtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na kejeli hata kidogo.

"Si nyinyi mlitaka lifungwe?"

Jumapili Fundi na Mama Spika wakapanda basi. Walifika kesho yake adhuhuri, mgongo umekufa ganzi, mbele ya uzio wa waya unaomalizika mbali. Ndani ya uzio majani yamekatwa vizuri, na katikati, mbali kiasi cha mtu kuonekana kama kidole, majengo meupe yenye madirisha yasiyofunguka. Palikuwa pasafi, hilo lisemwe. Kwenye chumba cha wageni kulikuwa na viti vya kuegemea, maji ya kunywa na maua. Binti wa mapokezi aliwaamkia shikamooni, akawauliza habari za safari.

Akatafuta jina la Fundi kwenye kompyuta. Halikuwemo. Wageni husajiliwa kwanza, akaeleza. Kuna fomu, na jibu hutoka ndani ya siku thelathini. Simu? Namba nayo husajiliwa kwa fomu hiyo hiyo. Barua? Zipo, lakini husomwa kwanza, wiki tatu, nne.

"Mwanangu," Fundi akasema, "kesi yake ni Jumatatu ijayo. Sitaki kumwona. Mwambie tu maneno matatu. Mlinzi amekubali kusema. Nakuomba."

Binti akasikitika, na alisikitika kweli, macho yalimlegea.

"Mama, hapa hatupelekeani salamu. Kule zamani kulikuwa na fujo, watu wanapiga kelele ukutani. Huku kila kitu kina utaratibu."

Ukali unaweza kupambana nao. Unaweza kuulilia, kuubembeleza, kuutukana. Adabu utaifanya nini? Fundi akajaza fomu, akatumbukiza barua kwenye sanduku, akatoka nje.

Mama Spika alikuwa kwenye uzio tayari. Alishika waya kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaita. Sauti iliyokuwa ikinyamazisha soko zima ilikwenda juu ya yale majani, ikaishia huko huko. Akaita Seremala, akaita Kinyozi, akaita mwanawe. Aliita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, mpaka sauti ikapasuka na kutoka kama ya kuku anayeumwa, na bado akawa anaita. Fundi alimtoa pale kwa nguvu. Ndani ya basi Mama Spika alijaribu kusema jambo, halikutoka, akamwonyesha Fundi koo lake kwa kidole na machozi yakamshuka.

Mjini Fundi alikwenda kwa karani wa mahakama, akamweleza ana shahidi. Karani akaandika jina la mlinzi, akasema vizuri, siku ya kesi mtasema. Wakili wa kujitolea aliyekuwa akiwasaidia Wale wa Ukutani alikuwa safarini. Mwalimu alimtafuta siku tatu mfululizo, akarudi dukani mikono mitupu, akakaa juu ya jora. Fundi alimngojea aseme. Alitamani sana aseme, nilikwambia. Mwalimu hakusema. Akachukua shati la mlinzi lililokuwa linangoja kugeuzwa kola, akamshikia upande mmoja ili anyooshe mshono.

Jumatatu walikaa benchi la mbele: Fundi, mzee mlinzi katika shati lile, na Mwalimu. Pale palipokuwa kizimba sasa ilikuwa skrini pana ukutani. Hakimu alikuwa na maikrofoni yenye kitufe. Akibonyeza, taa nyekundu inawaka na upande wa pili unasikia. Akiachia, hawasikii.

Seremala akatokea. Fundi alishika mdomo. Alikuwa amenyolewa, ana sare mpya, na mashavu yamejaa kidogo, kama mtu anayelala kitandani. Macho yake hayakuwa kwao. Yalitazama kitu pembeni, pengine askari, pengine ukuta. Wiki mbili na nusu hazikuwa zimepita tangu asikie sauti ya mtu wake, na alionekana kama umepita mwaka.

Mwendesha mashtaka akasimama, akainama kidogo. Fundi akangojea upelelezi. Badala yake akasikia: "Mheshimiwa, upande wa mashtaka na mshtakiwa tumefikia makubaliano. Ijumaa mshtakiwa alisaini. Atasomewa shtaka dogo."

"Hapana," Fundi akasema, kwa sauti ya chini kwanza. Kisha akainuka. "Hapana! Mheshimiwa, shahidi huyu hapa! Usikubali! Mlinzi amekubali kusema! Mdogo wangu, usikubali!"

Taa ilikuwa imezimwa. Kwenye skrini Seremala alijikuna shingo, akingoja.

"Mama, kaa," hakimu akasema. Si kwa ukali. "Mshtakiwa ana haki ya kujisemea mwenyewe. Ukiendelea nitakutoa." Karani alikwisha kusimama mbele yake. Mwalimu akamshika Fundi kiuno, akamkalisha.

Hakimu akabonyeza kitufe, akasoma shtaka. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Kuna mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimechoka tu."

Hakimu akafikiri kidogo. Akaachia kitufe, akamgeukia karani. "Andika, amekiri kwa hiari yake."

Akampa miaka minane, kuanzia siku ile. Ile sita hakuitaja mtu. Ilikwenda kama mvua ya juzi. Akamwuliza kama ana la kusema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikuwa nauliza, itakuwa mwezi gani?"

Hakimu akahesabu, akamtajia mwezi na mwaka. Seremala akairudia tarehe ile polepole, mara mbili, midomo yake ikiionja. Akatabasamu. Tangu wamchukue, Fundi hakuwahi kuona tabasamu lile, la mdogo wake mwenyewe, la utotoni kabisa. "Asante, mheshimiwa," akasema, akaondoka kwenye kiti, na mwingine akakaa.

Mzee mlinzi hakuwa akisikia vizuri. Alikuwa amekaa wima muda wote, kofia magotini, midomo ikipiga mazoezi ya maneno yake. Alipoona watu wanapekua mafaili akamwinamia Fundi, akamgusa mkono.

"Binti," akanong'ona, "mimi naitwa saa ngapi?"